Sungura Uliyemtuma Badala Yako

Malindi, Unguja Mjini
12 Rajabu 1328

Mpendwa Saud, mwana wa ndugu yangu,

Baada ya salamu, nakuuliza hali ya afya yako, kama inavyonipasa. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mkono wangu wa kulia una kovu jipya, na sababu yake ni wewe.

Ulipohamia Mombasa ulituachia binti yako Hamda tumlee. Mwaka mzima hukuandika. Kisha ukamletea sungura wawili, ukatuma maneno kuwa ni wapole kama pamba. Hukusema kuwa wote ni madume.

Walipobaleghe waligeuka. Walirukiana, wakang'oana manyoya, na mmoja akafa kwa majeraha. Aliyebaki akaanza kurusha mkojo juu ya mito, mikeka, na mswala wangu. Mimi niliyekuwa mtu wa sala tano nikawa mtu wa kufua mswala.

Mke wangu Bi Shariffa alifanya kama tufanyavyo hapa: alifua kila kitu, akafukiza udi nyumba nzima. Kumbe tulikuwa tunamchochea. Dume la sungura hutia harufu yake mahali anapopaona kuwa ni pake. Tukiifuta kwa udi, hurudi kuitia tena, kwa wingi zaidi. Hilo tulilitambua tumekwisha kuaibika.

Miezi michache iliyopita Bi Tamima alikuja kumtazama Hamda, anayemtaka kwa mwanawe Shaame. Kijana ni mwema, na Hamda amemridhia. Siku hiyo nyumba ilinukia udi kuanzia mlangoni. Sungura akatoka, akawa anamzunguka mgeni miguuni huku akikoroma. Bi Tamima akacheka: "Tazameni, huyu keshanijua mkwe!" Papo hapo sungura akaupanda mguu wake, kisha akamrushia mkojo kwenye shiraa aliyojifunika.

"Bi Shariffa, nyumba hii mnaifukiza nini?" aliuliza, akatoka bila ya kunywa kahawa. Kesho yake alituma ujumbe kuwa hatakanyaga hapa maadamu mnyama yule ana tabia ile.

Nilishika kisu nimchinje. Hamda akamkumbatia, akasema, "Babu, usimchinje. Baba hajaniletea kitu kingine." Nikakirudisha kisu, na hasira zangu zote zikakuelekea wewe. Soma tena maneno ya mwanao, Saud. Mimi nimeyasikia kwa masikio yangu.

Tulimwita Mkadam, anayehasi mbuzi Kiembe Samaki. Alicheka hata akakaa chini. "Bwana Zahor, mbuzi nshahasi wengi, sungura sijapata. Basi nshikie wewe, mimi ananitazama vibaya!" Nikamshika sungura, akaniuma, lakini Mkadam akamhasi. Kovu ni hilo.

Hakutulia siku ile wala juma lile. Tulimtenga uani katika tundu lake, na Bi Shariffa akaacha kufukiza kona alikolala sungura. Kidogo kidogo aliacha kurusha mkojo, akaacha kupanda miguu ya watu. Sasa hulala mapajani mwa Hamda, hana habari na mtu.

Juzi Bi Tamima alirudi. Alikaa, akanywa kahawa, sungura akampita asimguse. Posa ameileta tena. Kisha akauliza, mbele ya Hamda, "Na baba wa kumwozesha yuko wapi?" Nikammiminia kahawa nyingine. Umri wangu wote sijapata kuulizwa swali kama hilo na mwanamke nyumbani mwangu.

Walii wake wa ndoa ni wewe. Ukiipuuza barua hii, nitakwenda kwa kadhi nimwambie kuwa Hamda hana baba wa kumwozesha, naye atamwozesha. Sitakutafutia udhuru mbele ya mtu yeyote.

Bi Shariffa anakusalimu kwa upole kuliko unavyostahili. Nisalimie shangazi yako Bi Sichana aliye huko nawe, na umwambie kuwa yeye hana kosa. Mwenyezi Mungu akupe afya, na akupe na haya.

Hamda amenikataza nisikukemee. Aliniomba niandike neno moja tu, nami nimeliweka mwisho ili usilipite: njoo.

Ami yako, akupendaye kwa ajili ya marehemu baba yako,

Zahor bin Mjaka