Laptopu ya Mwalimu Mkumbo

Jumatatu, 9 Juni
Nimefuta vumbi kwenye redio za dukani. Upepo wa Singida hauna adabu, ukigeuka tu limerudi. Kisha simu kutoka Dar, yule wakala aliyetuletea laptopu. Betri zina kasoro tangu kiwandani. Zikiwa kwenye chaji zinaweza kuwaka moto. Tuzikusanye, atatuma nyingine bure. Tumeuza tatu. Na mimi ndiye niliyembembeleza Baba tuache kung'ang'ania redio na pasi.

Jumanne, 10 Juni
Baba amenuna. Anataka tusubiri betri mpya zifike, tubadilishe kimyakimya. Mji mdogo huu, anasema, leo betri, kesho duka zima bovu. Duka alilianzisha babu. Namwelewa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na moto hausubiri basi la Dar. Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Nimekwenda zahanati na kwa dada wa stesheneri, wanunuzi wawili, bila kumwambia Baba. Wote wametoa betri. Hakuna aliyenitukana. Imebaki ya Mwalimu Mkumbo, mstaafu, yuko kijijini Ulemo. Simu hana.

Alhamisi, 12 Juni
Asubuhi nimemwambia Baba ukweli. Nikapanda basi.

Mwalimu alikuwa shambani. Mkewe, Mama Eliya, alinikaribisha sebuleni. Laptopu mezani, iko kwenye chaji, waya umevutwa kutoka kwa jirani mwenye jenereta. Na juu yake kitambaa! Cha kufuma, cheupe, kimekunjwa mara mbili ili vumbi lisipenye. Ndivyo tunavyofunika redio. Ndivyo tunavyofunika kila cha thamani, hata kwetu.

Nilichomoa waya, nikafunua. Betri haishikiki. Kitambaa kwa chini kimekuwa rangi ya chai.

"Heh! Mtoto unanivamia, hata shikamoo hujatoa?"

Nikamwamkia nimeshika betri kwa kanga. Nikamweleza yote. Alikaa chini. Akanishika mkono, hakuuachia. Kisha ugali wa mtama na mlenda, na wakati wa kuondoka akanifungia kuku. Kuku! Kwa mtu aliyewauzia moto. Nimelia kwenye basi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemsimulia Baba habari ya kitambaa. Akauliza kama yule mama aliungua. Hapana. Akasema alhamdulillahi, akaenda msikitini mapema. Kuku tumemla. Mtamu.

Jumamosi, 28 Juni
Betri zimefika. Mwalimu amekuja mwenyewe kuchukua yake, anatutania kwamba mkewe sasa hafuniki hata sufuria.

Jioni alikuja mzee mmoja wa Issuna, anaulizia laptopu. Nilipofungua mdomo kumweleza yaliyotokea, Baba akanipa ishara ninyamaze. Nikadhani anaficha tena. Kumbe alitaka kueleza mwenyewe. Alieleza yote, kasoro, simu ya Dar, mpaka kitambaa cha Ulemo. Na kwamba alitaka kuficha, binti yake akakataa. Sijawahi kumsikia Baba akisema hivyo mbele ya mteja.

Mzee alisema atarudi akishauza alizeti. Huenda atarudi, huenda hatarudi.

Wakati tunafunga duka Baba akasema Jumatatu niagize laptopu mbili.