Somo la Kumsimamisha Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mama karudi nyumbani! Siku kumi na tisa za wodi zimekwisha. Kiharusi kimeudhoofisha upande wake wote wa kushoto, mkono na mguu. Maneno yaliyobaki ni manne tu — ndiyo, hapana, maji, na Pini. Pini ni Baba. Alikuwa fundi cherehani miaka arobaini, pini hazimtoki mdomoni, na Mama ndiye aliyempachika jina hilo. Leo alipomwona mlangoni akaita, "Pini!" Tukacheka. Halafu tukalia. Halafu tukacheka tena.

Daktari wa mazoezi kamtumia Baba video kwenye simu: namna ya kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Kasema kila kitu kimo humo, tuangalie tu.

Video ile niliitengeneza mimi, mwaka jana, kazini, kwenye kitengo chetu cha video za mafunzo ya hospitali. Mkuu alinisifu mbele ya watu wote. Nimeona fahari kidogo, nikaimeza.

Jumatano, 6 Machi

Mama kaanguka.

Nimerudi mchana nikawakuta wote wawili sakafuni. Baba kampakata kichwa, anampepea kwa gazeti. Goti limechubuka tu, daktari amethibitisha. Baba hajaacha kumpepea. Anasema amefanya vilevile kama kwenye video, hakuruka hata kitu. Kiti alikiweka upande wa kushoto wa Mama — ule ule usio na nguvu. Alipomgeuza Mama, goti lake bovu likalegea, wakaenda chini pamoja.

"Uzee huu," anasema. "Hata kuangalia siwezi tena."

Nikaliokota gazeti, nikalikunja. Naona haya kuandika hivi, lakini sikumwambia video ile ni ya nani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nikamwambia Baba aiangalie tena video, mimi nikawa namwangalia yeye.

Masikini Baba! Macho yako chini, yanafukuza maandishi yanayopita. Maandishi yanasema hivi, sauti inasema vingine. Juu yake muziki. Mikono ya nesi — ndiyo somo lenyewe! — hakuiona kabisa.

"Nisome, nisikilize, ama nitazame?" kaniuliza. "Nina kichwa kimoja."

Na kiti? Nimeelewa. Tulimrekodi nesi akituelekea sisi, uso wake uonekane vizuri. Kiti kilikuwa mkono wake wa kushoto, kwenye kioo cha simu kikatokea kulia. Baba akakiweka kulia kwake. Mtu yeyote angekiweka hapo.

Baba naye kashangaa kwa nini nesi anamtazama usoni. Yeye wanafunzi wake hakuwaweka hata siku moja mbele ya cherehani wakimwelekea, wangejifunza kinyumenyume. Aliwakalisha ubavuni, mkono wao upande mmoja na wake.

Miaka minane ya kazi hii, na jambo hilo kanifundisha Baba, kavaa malapa, ameshika simu kwa mikono miwili.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anamchana Mama nywele, polepole, kama anafumua pindo la hariri.

"Baba, ile video ni yangu. Kosa ni langu, siyo uzee wako."

Hakuacha kuchana. Akasema, "Ndiyo maana ina rangi nzuri."

Nikaanza kulia. Akaniambia shati lake la kwanza la mteja lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Mteja alilijaribu mbele ya duka zima.

"Ukafanyaje?"

"Nilifumua. Mshono si unafumuliwa, mwanangu?"

Mama alikuwa anasikia yote. Akanyoosha mkono wake mzima, akanipapasa shavu. "Ndiyo," akasema. Ndiyo ya nini, sijui. Nimeichukua hivyo hivyo.

Jumatatu, 11 Machi

Kwa mkuu. Nimemwomba video ya zamani iondolewe leo leo, na tutengeneze nyingine: bila muziki, bila maandishi marefu, kamera begani kwa anayemhudumia mgonjwa. Vipande vitano vifupi, kila kimoja kikiisha video isimame yenyewe, mtu afanye kwanza ndipo abonyeze kinachofuata.

Akasema video bila muziki imepoa kama chai ya jana. Watu wataizima.

"Mkuu, aliyeanguka ni mama yangu."

Nikamwambia sijui wengine wangapi wameanguka, hakuna aliyewahi kuuliza. Akavua miwani. Akauliza hali ya Mama, goti, kama analala. Kisha akaifuta ile video mwenyewe, mbele yangu, na kanipa kamera niende nayo.

Jumatano, 13 Machi

Tumerekodi nyumbani. Baba ndiye nesi! Mama ndiye mgonjwa, na kavaa kitenge kipya, kakataa kile cha jana — "Hapana!" — mara tatu.

Sauti ni ya Baba. Nilimwandikia maneno, akayaweka pembeni. Anasema anavyosema: "Kiti upande wenye nguvu. Goti lako libane goti lake bovu. Sasa mwegemee kama mnataka kunong'ona." Mimi kwenye picha nimeongeza neno moja tu, palepale kwenye goti: BANA.

Akizidisha maelezo, Mama anamkata: "Pini!" Hilo nimeliacha ndani.

Ijumaa, 15 Machi

Jirani aliyemleta kaka yake kutoka hospitali wiki hii ameijaribu video mpya. Sikumwelekeza chochote, nimekaa na daftari nikijikaza nisiseme. Kiti — upande sahihi! Goti — sahihi! Kipande cha nne kakirudia mara mbili, ni kirefu mno. Nitakigawa.

Jumapili, 17 Machi

Asubuhi, chumbani kwao. Daktari wa mazoezi amesema leo Baba ajaribu tena na Mama bila msaada, mimi nikae karibu tu. Nimekaa mlangoni, naandika ili mikono yangu isiingilie.

Tangu aanguke Mama alikuwa hakubali kusimamishwa na Baba peke yake, ila na mimi au daktari; hata siku ya kurekodi daktari alimshika kwa nyuma. Baba akimkaribia, Mama anakaza mwili. Leo kamtazama sana. Kisha akamwekea mkono begani, mwenyewe.

Simu iko kwenye meza ndogo. Sauti ya Baba inatoka humo, na Baba anaitii kama ya mtu mwingine. Kiti, sawa. Goti, sawa. Wakaegemeana. Moja, mbili —

Kasimama! Mama kasimama!

Kipande kimekwisha, video imejisimamisha. Kinachofuata ni kugeuka na kukaa. Baba ananyoosha kidole kukibonyeza.

"Hapana," Mama anasema.

Kaweka paji la uso kwenye shingo ya Baba, hataki kukaa bado. Mguu unatetemeka kidogo. Kiti kiko pale pale, hatua moja. Baba ananitazama kwa juu ya bega la Mama, anauliza kwa macho afanye nini, na mimi sina kipande cha hilo; namwashiria tu amshike.