Mtakatifu Ambaye Hakuteseka

Akinyi nyakwara, mjukuu wangu,

Salamu kutoka Sori. Sisi tuko, ni mguu wangu tu unasumbua. Baridi ya huko Limuru naiogopa. Mtoto unamfunika vizuri?

Unaniuliza abatizwe jina la mtakatifu gani, la kumkinga. Hata mimi niliuliza hivyo nikimpeleka mama yako kubatizwa. Kila jina katekista alilotaja, nauliza, "Huyu alikufaje?" Mmoja alichomwa, mwingine alikatwa kichwa. Nikakataa wote.

"Mwalimu, nipe ambaye hakuteseka."

Akacheka, akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa. "Nyar Magunga, huyo ukimpata, niletee na mimi!"

Ndipo nikaona picha ya Njia ya Msalaba ukutani, mama mmoja anampangusa Yesu uso. Nikasema huyu, maana yeye hana kidonda. Mama yako akaitwa Veronika, nami nikarudi nyumbani kama nimemshinda katekista.

Miaka ikapita, akaolewa, halafu baba yako akaugua. Watu waliogopa hata kikombe chetu. Mama yako alikaa naye, anampangusa uso mpaka mwisho. Zamu yake ya kuugua ilipofika, nikampangusa mimi.

Kinachoniuma ni kwamba sikumwambia jina lake alilibeba vizuri. Nililia tu, nikimlaumu katekista moyoni.

Jina chagua wewe, nyakwara, lolote. Ila siku ya ubatizo uniambie mapema, nije na mguu wangu huu. Maji yakimwagwa kichwani, kitambaa cha kumpangusa nitashika mimi.

Dani, bibi yako