Zeze ya Baba Ndani ya Bibliothèque

Mujukuu wangu Kavira,

Salamu nyingi kule Mutwanga! Huku Butembo tuko bazima, na shangazi yako Masika amezaa mapacha!

Unauliza kama bibliothèque, ile nyumba ya kuchunga bitabu na bintu bya zamani, itapokea picha zenye ulichora. Peleka, mupenzi! Mimi, wakati wa ujana, nilipeleka kule zeze ya marehemu baba yangu. Mama mwenye kuchunga bitabu akaniambia, «Tukiipokea, itakuwa ya batu bote. Hautairudisha tena nyumbani.»

Nikaikumbatia, nikataka kutoka. Lakini muzee mumoja aliyekuwa anasoma pale akaniomba aipige kidogo. Akapiga wimbo wenye baba alikuwa anapiga ku maarusi, na chumba muzima kikaimba! Kumbe si mimi peke yangu niliyeukumbuka!

Nikamwambia yule mama, «Mukamate, ni yenu.»

Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikiimba barabara yote.

Koko yako mwenye kukupenda