Miraba Saba ya Mninga

Jumamosi, 7 Juni
Neno la nne leo! Mahabuba. Festo ameanza kulichonga saa tatu asubuhi, mie nimekaa juu ya ndoo nimemshikia msasa, vumbi la mninga mpaka kwenye nyusi. Wiki nne za ndoa. Nampenda mpaka tumbo linauma. Nani mwingine hapa Kipawa ana mume fundi samani anayemwandikia kwenye kitanda? Jina langu alilichonga siku ya harusi, juu kabisa ya ubao wa kichwani, kati ya maua mawili: ZAWADI. Chini yake miraba saba. Kila Jumamosi mraba mmoja, neno moja. Mpenzi, laazizi, muhibu, na sasa mahabuba. Yote maana yake mie.

Jumatatu, 9 Juni
Nimetoa kamusi yangu ya sekondari. Natafuta visawe vya mpenzi, kama zamani darasani. Nimekutana na hawara, nikacheka peke yangu jikoni. Hilo asithubutu! Maneno mazuri nimeyaandika kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya hotpoti yake ya mchana, juu ya wali. Jioni karatasi imerudi imekunjwa vilevile. Labda hakuiona.
Ilikuwa juu ya wali.

Alhamisi, 12 Juni
Mama Tunu, mwenye nyumba wetu, alikuja kuangalia dari inayovuja. Nikamwamkia, nikamwonyesha kitanda kwa maringo yote.
"Amefika la ngapi?"
"La nne, mama."
"Hee. Safari hii ana haraka."
Akatoka. Dari hakuiangalia.
Safari hii?

Jumamosi, 14 Juni
Nyonda. Wiki nzima ameniita hivyo, mlangoni, mezani, akinawa mikono. Nikajiona malkia. Lakini nimegundua kitu. Mahabuba sijalisikia tangu Jumamosi iliyopita. Laazizi alikuwa haachi kulitaja, siku alipolichonga likaisha mdomoni mwake. Na Zawadi? Tangu harusi hajaniita Zawadi hata mara moja.
Nikamkumbatia mgongoni kwa utani. "Niite mahabuba basi."
Akanionyesha ubao kwa patasi. "Si nimeshakuandikia?"
Akaendelea kuchonga. Nimecheka. Sikutaka kucheka.

Jumatano, 18 Juni
Nimevuta kitanda nifagie nyuma.
Ubao una maandishi upande wa ukutani. Maua mawili. REHEMA. Miraba saba. Mpenzi, laazizi, muhibu, mahabuba, nyonda, azizi, mwandani. Maneno yaleyale, mpangilio uleule. Vanishi imezeeka, ina nyufa.
Hakutengeneza ubao mpya. Ameugeuza tu.
Nimesukuma kitanda kikarudi. Maharage yameungua. Ameyala yote.

Ijumaa, 20 Juni
Nimekwenda kwa Mama Tunu, nimemwambia sitoki mpaka aseme Rehema ni nani.
"Hawakufunga ndoa, mwanangu, waliishi tu. Hakumpiga. Hakumnyima chakula. Alipomaliza neno la saba, akaacha kusema naye."
"Siku ngapi?"
"Siku? Mwaka. Binti wa watu alikuwa anakuja hapa, anakaa hapo ulipokaa, ananiambia, Mama Tunu, niite jina langu. Namwita Rehema, anaitika, anarudi ndani. Siku moja akaondoka na beseni la nguo."
"Mbona hukuniambia?"
"Kwa hayo macho yako ya bibi harusi? Ungenisikia?"
Nisingemsikia.

Jumamosi, 21 Juni
Azizi. Umebaki mraba mmoja.
Nimemuuliza kuhusu Rehema. Niliogopa atafoka. Hakufoka. Alipuliza vumbi kwenye herufi, akasema, "Ile kazi iliisha." Nikamwambia mie si kazi. Akanieleza taratibu, kama anamweleza mteja: pale karakana kwao Chang'ombe, kitu kikishachongwa kikapigwa vanishi, hakiguswi tena. Kukirudia ni kukiharibu. Ameniandikia kwenye mti mgumu unaodumu, ninataka nini tena?
Anaamini. Hilo ndilo baya kuliko yote. Anaamini kabisa kwamba hapo ndipo amenipenda.
Na mie bado nampenda. Mjinga mie.

Alhamisi, 26 Juni
Patasi nimeificha kwenye ndoo ya unga. Wiki hii ananiita mwandani. Asubuhi mwandani, jioni mwandani, chai iko wapi mwandani. Naitika haraka. Nikiwa chumbani naitika, nikiwa uani naitika. Najaza masikio.

Jumamosi, 28 Juni
Alikuja na patasi nyingine kutoka karakana. Patasi yake hata hakuiulizia.
Niliweka kiganja juu ya mraba wa saba. Nikamwomba auache mtupu. Nikalia. Akausogeza mkono wangu kwa upole sana, kama mtu anayepangusa vumbi.
Herufi nane. Nimezihesabu zote zikiingia.

Jumanne, 1 Julai
Siku ya tatu. Hana hasira. Anakula, ananitabasamia, ananishika bega akipita. Simu ya mteja ikilia anaongea vizuri, anacheka, anapanga bei ya kabati. Akikata, basi.
Nimesema habari za kazi. Nimesema umechoka? Nimesema Festo, Festo, Festo.
Nimefungua kamusi. Kimya. Ukimya. Jii. Zii. Kunyamaa. Haya nayo yako mengi, na yote maana yake nyumba hii.
Nikaenda kwa Mama Tunu kurudisha chungu chake. Nilikaa kwenye kile kiti alichokuwa anakaa Rehema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kumwambia aniite jina langu. Nikaufunga, nikasimama.

Jumamosi, 5 Julai
Hakuna mraba uliobaki. Leo amepiga vanishi, tabaka moja, brashi mpya, kazi safi. Akaosha brashi, akala, akaenda Chang'ombe. Nyumba yote inanuka.
Rehema alingoja mwaka.
Nimempigia simu mama yangu Temeke kwamba nafika leo. Akasema, "Zawadi, mwanangu, njoo." Nikamwomba arudie. Akarudia bila kuuliza kwa nini.
Begi liko mlangoni. Kamusi imo.
Kopo la vanishi linasema usiguse mpaka kesho. Nimeweka kidole gumba juu ya jina langu, nikakandamiza. Alama imebaki, mistari yote inaonekana. Msasa hautaitoa. Itabidi apige randa, aiguse tena kazi iliyoisha.
Saa tisa na nusu. Natoka.