Sauti ya Dakika ya Kumi na Saba

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamua. Ijumaa naenda tauni, peke yangu, kununua muziki. Si kuomba, si kurushiwa kwa simu na jirani Wanjira wa mlango wa tatu. Kununua! Nina miaka kumi na sita na kila wimbo nilio nao niliachiwa na mtu. Hata simu ni kabambe ya zamani ya Baba, ile ya vitufe, lakini ina nafasi ya memori kadi, na mimi sitaki zaidi ya hapo. Pesa ni zangu mwenyewe. Nimesuka vichwa vinne tangu shule ifungwe, vidole vinauma mpaka leo.

Mama haambiwi. Sisi ni Wasabato, na nyumba hii muziki ni kitabu cha nyimbo za kanisa, basi. Jumapili iliyopita Wanjira alifungulia ohangla, ngoma ya kwetu Nyanza, ambayo hata haelewi maneno yake. Mama akagonga mlango wake akamwomba apunguze. Kisha akaniambia ngoma za klabu zinaingiza uvundo rohoni. Uvundo! Halafu akavaa, akaenda Lavington kupiga pasi. Anafanya kazi kwa Madam Debra, na tangu Juni anaenda hata Jumapili mchana. Baba alisema kazi hiyo itammaliza. Baba mwenyewe anajenga ukuta wa watu huko Westlands na kurudi amejaa simiti mpaka kwenye kope.


Ijumaa, 8 Agosti

Nimenunua!

Duka liko mtaa wa Luthuli, ndani kabisa, upana wake kama kabati. Muuzaji ni mama mmoja, Milcah, ana kompyuta moja na spika mbili. Majina ya nyimbo yako kwenye daftari, unachagua, anajaza kadi. Nilidhani ni rahisi. Akaniuliza, "Unapenda nini?" — na mimi nikakosa jibu! Nilishtuka kweli. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nyuma yangu mzee mmoja mwenye flash anakohoa kohoa, mimi nafunua daftari kana kwamba ni mtihani.

Nilichagua za injili saba (woga huo), rumba mbili, na zile za vijana ambazo siwezi kuandika majina yake hapa. Nafasi ikabaki. Milcah akauliza aweke nini cha mwisho. Mdomo ukasema wenyewe: ohangla. Akasema iko moja mpya, bendi ya Odero, imerekodiwa moja kwa moja klabuni Jumapili moja ya Julai, saa nzima na zaidi. Hiyo inatoka mbio, watu wanaifuata.

Nimetembea hadi stendi nikiwa nimefumba mkono. Kadi ndogo kuliko ukucha wangu. Yangu.


Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya jua kutua

Mama yumo kwenye kadi.

Sijui niandike nini. Sabato itaingia sasa hivi na yeye yuko mlango ule pale, anachambua mboga. Mama yumo kwenye kadi yangu!


Jumamosi, 9 Agosti

Wamelala baada ya kanisa, wote wawili. Naandika sasa.

Ni dakika ya kumi na saba. Kwenye ohangla kuna ule mchezo wa pakruok: mtu anainua mkono, anatoa kitu kidogo, ngoma inanyamaza, anapewa maikrofoni ajisifu au amsifu ampendaye, kisha mwimbaji anaimba jina lake. Watatu walikuwa wameshajisifu. Mmoja alisema yeye ni trela lisilo na breki. Nikacheka peke yangu. Halafu ikaja sauti ya mwanamke na nikaijua kabla hajataja jina, maana ile sauti imeniamsha kila asubuhi tangu nizaliwe.

Alisema kwa Kijaluo. Nimesikiliza mara tisa, naweka kwa Kiswahili:

"Odero, simamisha ngoma. Mimi ni Phoebe, binti wa Alego, mama yake Joyline. Miaka kumi na miwili nimefua nguo za Lavington na sijapoteza hata kifungo. Madaktari wa Upper Hill wanasema titi langu la kushoto lina ugonjwa. Wanalitaka tarehe kumi na nne Agosti. Waambie hawalipati. Lilimnyonyesha Joyline, nitalala nalo kaburini. Sasa piga ngoma."

Na watu wakapiga vigelegele.

Vigelegele! Kama ametangaza harusi. Odero akamwimba, Phoebe mwamba, Phoebe hakatwi, filimbi zikalia, na katikati ya kelele nikamsikia Mama anacheka. Sijawahi kusikia Mama akicheka hivyo. Sikujua kama anaweza.

Mara ya kwanza nilishtuka kwamba yuko klabu. Ndiyo, mimi mjinga, hilo ndilo lililonigonga kwanza! Mama, yule yule wa "uvundo rohoni"! Mpaka mara ya tatu ndipo yale mengine yalipoingia. Titi. Ugonjwa. Tarehe kumi na nne. Alhamisi hii.

Leo kanisani niliketi upande wake wa kushoto. Aliimba sauti ya pili, macho amefumba, kitabu ameshika kwa mkono wa kulia peke yake. Tangu Mei ni mimi ninayeanika nguo. Tangu Mei kikapu cha soko ni changu. Nilinung'unika kila siku, nikasema ananifanya boi wa nyumba. Naona aibu hata kuandika.


Jumapili, 10 Agosti

Saa nane alitoka. Amesema Lavington, pasi. Ndani ya mkoba nikaona viatu vyake vyekundu. Nani anapiga pasi na viatu vyekundu?

Sikumfuata. Alirudi saa kumi na mbili ananukia moshi wa nyama, mwepesi, anaimba wimbo wa kanisa. Baba akampa pole kwa kazi. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia kelele, na ukweli ni kwamba nilimwonea wivu.

Kama haendi Alhamisi, itakuwaje? Nimemuuliza mwalimu wetu wa baiolojia kwa meseji, nikasema ni swali la marudio. Amejibu kwamba ukiwahi mapema watu wengi wanapona, na ukikaa ugonjwa unatembea. Unatembea! Nimefuta meseji. Neno halifutiki.


Jumatatu, 11 Agosti

Mama alisahau bakuli lake la chakula cha mchana. Nikalibeba kwa miguu mpaka Lavington, afadhali kuliko kukaa na hii kadi.

Mlinzi wa getini anaitwa Kitavi. Alinitazama kidogo, akauliza kama mimi ndiye Joyline. Kisha akaniambia hivi, pole pole, kama mtu anayedhani najua:

"Pole sana, msichana. Mwambie matha asiogope. Sister yangu huko Machakos walimtoa hiyo kitu, na saa hii analima."

Nikashika chuma cha geti. Akaendelea, maskini, akidhani ananifariji. Kwamba Madam Debra ndiye aliyempeleka kwa daktari Juni, kwa gari lake. Kwamba Mama ameshapewa likizo kuanzia Alhamisi. Kwamba ameshaletwa msichana wa kushika kazi yake mpaka apone. Kwamba Jumapili haji kabisa, Madam alimwambia apumzike.

Lavington wanajua tangu Juni! Mlinzi anajua! Klabu nzima inajua, na kila mtu aliyenunua kwa Milcah na anaelewa Kijaluo anajua. Madam ameambiwa ndiyo, naenda. Klabu imeambiwa hapana, siendi. Sisi tunaolala naye chumba kimoja, pazia katikati, hatujaambiwa kitu.

Nilimwachia Kitavi bakuli. Sikuweza kuingia.


Jumanne, 12 Agosti

Nilijaribu.

Nikasema, "Mama." Akasema, "Eeh?" Nikasema chumvi imeisha.

Chumvi haijaisha.


Jumatano, 13 Agosti



Kesho ndiyo siku yenyewe, na Mama amerudi kutoka kazini kama kawaida, anasonga ugali, ananiambia kesho nitaenda sokoni kununua omena. Kesho! Hakusema lolote la safari, hakuna nguo iliyokunjwa, hakuna mfuko. Nikajua haendi.

Nikatoa simu, nikachomoa earphone, nikaweka sauti mpaka mwisho. Ohangla ikajaa chumba. Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Nilingoja anifokee.  Aligeuka akaniangalia, akaangalia simu, na nikaona amejua ni rekodi gani kabla hata haijafika. Tukangoja pamoja. Dakika ya kumi na nne. Kumi na tano. Ugali ukaanza kuungua na hakuna aliyeushughulikia.

Sauti yake ikaja. Alijisikiliza akiwa amesimama wima, mwiko mkononi. Vigelegele vilipoanza akafumba macho.

Akauliza nimeitoa wapi. Nikasema nimenunua. Kwa pesa zangu. Akasema, si kwa hasira, "Ya kwanza kununua, na ukaninunua mimi."

Nikamuuliza kwa nini kule, mbele ya walevi, na si hapa.

"Kule hakuna anayenijua," akasema. "Nilitaka niliseme kwa sauti mara moja, nione kama nitaanguka. Sikuanguka. Hapa ningeanguka."

Kisha akasema yale mengine, haraka haraka. Kwamba mkono wa upande huo utakaa miezi bila kukamua hata leso. Kwamba Madam ni mtu mzuri lakini yule msichana mpya ana miaka ishirini na mikono miwili. Kwamba hajui Baba atamwangaliaje. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, akageukia sufuria.

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nilisimamisha muziki. Nikatoa sarafu mfukoni, chenji ya kadi, nikaiweka mezani mbele yake kwa kishindo, kama wanavyofanya kule. Nikasimama.

"Simamisha ngoma," nikasema. "Mimi ni Joyline, binti wa Phoebe wa Alego. Nilinyonya hilo la kushoto na nilinyonya la kulia pia, na sikumbuki hata moja. Nakumbuka mikono. Nakumbuka sauti. Wanaolitaka titi walichukue. Mimi nataka mama."

 Sikumaliza vizuri. Mama aliitazama ile sarafu kana kwamba hajawahi kuona pesa.

Ndipo nikaona mlango uko wazi. Baba yuko pale, mfuko wa vifaa begani. Sijui alifika saa ngapi. Simiti usoni, na machozi yamechora mistari miwili juu ya simiti. Aliingia akaketi na buti zake, kwenye kochi la Mama! 

Baba akauliza, "Ni lini?"

"Kesho," nikasema mimi.

 Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, akaiweka kando ya yangu. Akasimama apate kusema. Mdomo ukafunguka. Maneno hayakuja hata moja, na alibaki amesimama hivyo muda mrefu, fundi mkubwa wa mawe, mpaka Mama akamshika mkono na kumketisha.

Tulikula ugali ulioungua. Hakuna aliyesema naenda. Hakuna aliyesema siendi. Mama alizichukua zile sarafu mbili akazifunga kwenye pindo la leso yake.


Alhamisi, 14 Agosti

Naandikia kwenye benchi, Upper Hill, ghorofa ya tatu. Daftari liko gotini, samahani kwa mistari.

Niliamka nikakuta amevaa. Hakusema tunaenda wapi. Tulipanda gari, nikadhani tunashuka Lavington. Tukapita. Baba amekaa upande wa pili, ameoga, ameshika mkoba wa Mama kwa mikono yote miwili kama mtoto mchanga. Mama amevaa viatu vyekundu. Hospitalini! Baba anaviangalia tu. Bado hajauliza vimetoka wapi.

Kuna fomu ya upasuaji ya kutia sahihi. Iko mapajani pake tangu saa mbili. Kalamu ameishika. Hajaandika.

Sasa hivi amenigusa bega, akaniambia nitoe ile simu. Nimempa earphone moja sikio la kulia, moja nimebaki nayo mimi. Akasema anzia mwanzo. Nikaanzia mwanzo.

Muuguzi ametoka akaita jina lake. Phoebe. Mama hakuinuka. Ameita tena, akitazama kila benchi, na Baba amesimama na mkoba. Mama ameinua mkono wa kulia, ule wa kalamu, kama wanavyoinua kule klabu. Amemwambia muuguzi angoje dakika moja, ajisikilize kwanza.

Tuko dakika ya kumi na sita.