Mabati ya Mama Yangu

Mjukuu wangu Zuhura, huko Maskati,

Hapa Chamazi sie wazima, bibi yako anakohoa tu. Umeuliza kama pesa mnazotuma zinajenga nchi. Zinajenga, usibishane na mie! Nilikuwa kiwandani Chang'ombe, fundi kuliko wote, nikamtumia mama pesa Masasi akanunua mabati ya nyumba yake. Yeye na majirani walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mabati yote akaipa shule mpya, mwenyewe akaezeka nyasi. Akamwambia mwalimu aniandikie: "Watoto hawanyeshewi tena. Wewe mwanangu unakuja lini?"

Mie nikajibu kwa kutuma pesa zaidi. Shule ipo hadi leo. Mama, nilipokuja kwenda, nilikuta wameshamzika.

Mwezi huu usitume kitu, Zuhura. Kata tiketi.

Babu yako